Naenda kusoma Unguja na sina usafiri, baba anataka kuuza ng'ombe aninunulie pikipiki

SWALI

Shangazi shikamoo, na wasomaji wote mbukwenyi.

Mimi ni binti wa miaka 20, natokea Chamwino huku Dodoma. Nimechaguliwa kusoma ualimu wa sayansi kwenye chuo kimoja kipo Tunguu, Unguja, naenda kuanza mwaka wa kwanza. Nyumbani wamefurahi sana maana mi ndo wa kwanza kwetu kufika chuo, ila furaha yenyewe saivi imegeuka ubishi kila jioni na chanzo ni usafiri tu. Hosteli ya chuo sijapata kwahiyo natakiwa nijitafutie chumba, na ukishatafuta chumba ndo swali linakuja, kutoka chumbani mpaka darasani unafikaje?

Shangazi mimi bahari sijawahi kuiona, kisiwa ndo kabisa. Huku nimezoea boda, nikichelewa napiga simu kijana anakuja mpaka mlangoni. Kule wengine wananiambia kisiwa chenyewe kidogo unazunguka kwa miguu, wengine wanasema bila gari au vespa utakaa ndani tu, na kwamba giza likiingia hakuna daladala. Sijui nimwamini nani.

Nimetafutiwa vyumba vitatu kwa simu. Cha kwanza kipo mjini karibu na Michenzani, nakaa na ndugu wa mama mdogo, kodi ndogo sana. Cha pili ni Paje, wasichana wawili tuliofahamiana kwenye grupu la waliochaguliwa wamepata nyumba karibu na bahari wanataka mtu wa tatu, wanasema ni barabara moja tu mpaka chuo. Cha tatu kipo Jumbi kwenye nyumba ya mama mmoja mtu mzima, karibu na chuo ila ni kidogo na bei yake imechangamka kuliko vyote.

Baba anasema popote ntakapokaa atauza ng'ombe wawili aongezee na hela ya zabibu aninunulie pikipiki, maana mtoto wake hawezi kusimama barabarani giza linaingia anasubiri gari. Mama hataki hata kuisikia hiyo pikipiki. Halafu kuna baba mmoja anafahamiana na mjomba, anafanya kazi huko Unguja na ana gari, amesema nikikaa mjini karibu na kwake atakuwa ananipeleka chuo asubuhi na kunirudisha, bure. Ameshaanza kunipigia simu kuniuliza nafika lini. Mjomba anaona ni bahati, mi moyo unasita ila sijui nakataaje mtu aliyejitolea.

Boom, yaani hela ya kujikimu ya mkopo wa chuo, nimepata, ile ya elfu 10 kwa siku, ila ndo hiyohiyo ya kula, kulala na nauli. Naomba unisaidie shangazi, mi kule nitatembeaje?

Binti wa Chamwino

JIBU

Marahaba mwanangu, mbukwa, na hongera sana. Unguja naijua, nimesoma kule na nimezipanda sana hizo gari, kwahiyo nakujibu kama mtu anayetaka ufike darasani, sio kama mtu wa kukutisha.

Nianze na pikipiki maana hela ya ng'ombe ikishatoka hairudi zizini. Mwambie baba asiuze. Najua anachokitafuta, anatafuta mwanae asiachwe njiani usiku, na hilo ni jambo kubwa linalotakiwa lipate jibu, ila jibu lake sio pikipiki. Wewe hujaniambia kama unajua kuendesha wala kama una leseni, na barabara ya kutoka mjini kwenda kusini mpaka Paje na Makunduchi inapitwa na gari za watalii zinazokimbiza muda, malori ya mchanga na daladala zinazosimama ghafla kushusha mtu. Sio mahali pa kujifunzia. Pili, usajili wa vyombo kule ni mfumo mwingine, huku pikipiki zina namba za MC, kule ni namba za Z, kwahiyo ukivusha chombo kutoka bara unavuka na shughuli ya makaratasi, na kununua kulekule nako kunataka mtu anayejua vyombo, wewe humjui hata mmoja. Tatu mafuta, matairi, bima, na hewa ya chumvi inayokula chuma. Hiyo yote inatoka kwenye elfu 10 ileile. Ukifika mwaka wa pili, umeshaijua barabara, umesomea udereva na umepata leseni, mkae na baba muongee upya, wasichana kule wanaendesha vespa na hakuna anayeshangaa. Ila sio sasa.

Sasa hili ndo nataka ulishike mwanangu, kwenye kisiwa kile chumba chako ndo usafiri wako. Ukichagua chumba vizuri umemaliza robo tatu ya tatizo, ukikosea, hata uwe na hela ya nauli kila siku utateseka.

Nikueleze kwanini. Wanaosema kisiwa kidogo unazunguka kwa miguu wanakudanganya bila kujua. Unguja ina urefu wa kama kilomita 85, yaani ni kama kutoka Dodoma mjini ufike maeneo ya Kibaigwa, na upana hata 40 haifiki. Kwa gari ni kidogo kweli, kwa mguu sio. Na daladala zake zote, wenyewe wanaziita gari tu, zimepangwa kwa namna moja, zinatoka vijijini zinaenda mjini na zinatoka mjini zinarudi vijijini. Kila njia ina namba yake imeandikwa mbele, 502 ni Bububu, 505 Uwanja wa Ndege, 116 Nungwi, 309 Jambiani, 310 Makunduchi, na ukizoea utaona za kaskazini zinaanzia na 1, za kusini 3, za palepale mjini 5. Ukitaka kutoka kaskazini kwenda kusini hakuna gari ya kukukatishia katikati, unaingia mjini unabadilisha. Huku Dodoma umeshaona habari ya kila kitu kupitia mjini kwahiyo hilo halitakusumbua.

Kitakachokusumbua ni saa. Asubuhi watu wote wa vijijini wanaenda mjini, kazini, sokoni, hospitali. Alasiri mpaka magharibi wote wanarudi shamba, yaani vijijini. Sasa jiweke wewe Paje na wale wasichana wawili. Ni kweli ni barabara moja, Paje, unapita msitu wa Jozani wenye wale kima punju, unaenda mpaka Tunguu, kama kilomita 30 hivi. Asubuhi utapata gari Paje sawa, utalipa, utachelewa kwasababu inasimama kila kijiji kupakia watu na mizigo ya samaki juu, lakini utafika. Jioni ndo kilio. Wewe unasubiri Tunguu, katikati ya njia, na gari za kurudi Paje na Jambiani na Makunduchi zimejazwa mjini hukohuko, zinakupita zimeshiba mpaka mlangoni, moja, mbili, na ya mwisho haina haja ya kukusubiri wewe. Ikishapita hiyo upo Tunguu usiku na kitanda chako kipo Paje. Hiyo ndo hali anayoiogopa baba yako, na ameiogopa kwa haki. Halafu Paje ni kijiji cha utalii, chumba, chakula, hata embe, bei zake zinamwangalia mgeni wa Ulaya. Waambie hao wenzako wafikirie tena, na wikiendi mkitaka bahari mtaenda pamoja mchana mkarudi mchana.

Mjini sio pabaya, na hapa kuna kitu wengi hawakijui mpaka wakae. Ukikaa mjini na chuo kipo Tunguu unaenda kinyume na watu. Asubuhi wao wanaingia mjini wewe unatoka, jioni wao wanatoka wewe unaingia, kwahiyo siti unapata. Ubaya wake ni kwamba gari inayotoka mjini asubuhi haina abiria wengi na dereva hataki kuondoka tupu, mnakaa stendi mnasubiri ijae huku saa ya kipindi inakimbia. Na Michenzani kwenyewe bado hujafika kwenye njia, inabidi usogee kwanza, ndo maana kama ni lazima ukae mjini mi ningekuambia utafute upande wa Mwanakwerekwe. Pale ndo mlango wa kutokea kwenda kati na kusini, gari nyingi za huko zinapita, soko lipo, na jioni ukishuka umeshafika, huhitaji gari ya pili.

Ila kwa mwaka wa kwanza, kwa binti ambae hajawahi kufika, nakwambia chukua Jumbi. Najua bei. Naomba ufanye hesabu moja kabla hujaikataa, chukua kodi ya Michenzani, ongeza nauli ya kwenda na kurudi ya siku zote za vipindi kwa mwezi, kumbuka kuna gari mbili kila upande na sio moja, ongeza na zile siku utakazochelewa maktaba ikabidi uchukue bajaji au teksi, angalau mara moja kwa wiki. Halafu linganisha na Jumbi. Tofauti itakuwa ndogo kuliko inavyoonekana kwenye simu, na hapo hatujaweka usingizi wa asubuhi na nguvu za kusoma usiku. Kile kiasi baba alichotaka kutoa kwa ng'ombe mzima mwombe atoe kidogo tu aongezee kodi ya miezi ya mwanzo. Atakuwa amenunua kile alichokuwa anakitaka, na ng'ombe bado wapo.

Kabla hujatuma hela ya Jumbi omba mtu akusaidie kukiona, hata mwanafunzi wa mwaka wa pili kwenye hilo grupu lenu. Akuulizie vitu hivi, kutoka mlangoni mpaka barabara kubwa ni dakika ngapi kwa mguu, njia ina taa au ni vichochoro vya migomba, jirani yupo nani, na wanafunzi wengine wanaishi hapo au utakuwa peke yako. Nyumba ya mama mtu mzima nimeipenda, ila nyumba nzuri iliyoingia ndani sana kwenye mashamba ni kurudi kulekule kwenye tatizo. Dakika 10 za mguu sawa, zaidi ya hapo tafuta nyingine.

Ukikaa Jumbi baiskeli inakutosha kabisa kwa mambo ya karibu. Kisiwa kwa sehemu kubwa ni tambarare, huna kilima cha kukutoa jasho. Nunua iliyotumika, usitafute mpya inayong'aa maana itaibiwa au itaota kutu, ipake mafuta mnyororo mara kwa mara, nunua kufuli na taa ya nyuma, na usiiendeshe barabara kubwa usiku. Kwenda mjini panda gari.

Sasa huyu baba mwenye gari.

Mwanangu moyo wako umesita, usikilize. Mtu mzima anayekupigia simu wewe na sio wazazi wako kuuliza unafika lini, na msaada wake una sharti la wewe kukaa karibu na kwake, huo sio usafiri. Sisemi ni mtu mbaya, simjui, inawezekana ana nia safi kabisa. Lakini lifti ya kila siku ni deni ambalo halina risiti, na siku ukitaka kukataa jambo lolote utajikuta unafikiria darasani utafikaje. Usafiri wako lazima uwe kitu ambacho hakuna mtu anaweza kukunyima akinuna. Daladala haikununii. Namna ya kukataa ni rahisi, usikatae wewe, akatae baba yako. Baba ampigie, amshukuru kwa heshima zote, amwambie binti amepata chumba karibu na chuo kwahiyo hatahitaji, na kama kuna dharura sisi wazazi ndo tutakutafuta. Basi. Mwanaume mwenye nia njema atasema sawa kaka hakuna shida. Akiendelea kukupigia wewe, mwambie mama siku hiyohiyo, na mjomba aambiwe mbele ya watu kwamba hiyo namba asiigawe tena. Usimfiche mama kitu hapa, hata kama unaona aibu.

Usiku wenyewe ukoje? Sio kweli kwamba hakuna gari kabisa, njia za mjini zinaendelea mpaka usiku kidogo, ila za mashamba zikishapita magharibi zinapungua haraka. Jiwekee sheria kwamba kama upo mjini, unaondoka mjini kabla ya magharibi, sio unaanza kutafuta gari saa hiyo. Weka hela ya teksi moja pembeni, sehemu usiyoigusa hata ukilala njaa, na ukiwa na wenzako wanne mnaoishi upande mmoja mnachangia bajaji inakuwa bei ya kawaida tu. Namba ya dereva usiokote barabarani, muulize mama mwenye nyumba au wale mliopo nao, wana mtu wao wanayemwamini.

Kuna siku ratiba ya kisiwa inabadilika na wewe kutoka huku hutaijua mpaka ikukute. Ijumaa mchana wakati wa swala gari zinapungua, madereva na makonda nao wanaenda msikitini, kwahiyo usipange safari ya saa 6 mpaka saa 8 mchana. Ramadhani ndo zaidi, karibu na kufuturu kila mtu anakimbilia kwake, gari zinajaa na zinaenda mbio, halafu adhana ikishatoka barabara inakuwa nyeupe huoni kitu. Mwezi ule uwe umefika nyumbani mapema. Na mchana hutakuta mgahawa wazi ovyo, wala usile wala kunywa maji hadharani kwenye gari, beba chakula chako ule ndani. Ukiingia kwenye gari toa salamu, vaa nguo ya kujistiri, utaona watu wanavyokusogezea nafasi na kukushika begi. Watu wa kule ni waungwana sana kwa mtu anayewaheshimu. Nauli usimuulize konda wa kwanza unayekutana nae, muulize mama aliyekaa pembeni yako analipa ngapi, na uwe na hela ndogondogo mkononi.

Kama ni mwanakanisa, na wengi wetu wa Chamwino ni Waanglikana, kanisa lipo Mkunazini ndani ya Mji Mkongwe, lile lililojengwa palipokuwa soko la watumwa, na la Katoliki lipo Shangani. Jumapili asubuhi unafika kwa gari, unashuka Darajani au popote stendi itakapokuwa imewekwa maana zimehamishwahamishwa miaka hii na nyingi zipo Kijangwani, kisha unaingia kwa miguu. Mji Mkongwe gari hazipiti kwenye vichochoro vyake, pale wote ni waenda kwa miguu, tajiri na maskini. Utapotea. Kila mtu anapotea mwanzoni, tembea tu utatokea baharini au barabarani.

Mvua usiichukulie kwa kipimo cha Dodoma. Huku kwetu mwaka mzima tunapata milimita mia tano na kitu, kule inapita elfu moja na nusu, na masika ya mwezi wa tatu mpaka wa tano inaweza kunyesha siku nzima bila kupumua. Mwavuli imara, viatu vya kandambili vya kutembelea na vingine kwenye begi, na mfuko wa nailoni wa kuwekea madaftari na simu. Masika ikipiga gari zinachelewa, toka nusu saa mapema.

La mwisho ni siku ya kwenda. Chukua treni ya SGR ya asubuhi kabisa kutoka Dodoma, safari ni kama masaa manne tu upo Dar, na bandari ya boti za Zanzibar haipo mbali na stesheni, kisha boti ya haraka ni kama masaa mawili majini. Tiketi inaandikwa jina kwahiyo kitambulisho kiwe mkononi sio chini ya begi. Kwa mwezi wa kumi na wa kumi na moja upepo wa kusi umeshalegea, bahari huwa na nafuu, ila kula kidogo na ukae chini katikati ya boti, juu mbele ndo panarusha. Kikubwa, piga hesabu ufike Unguja jua lipo juu. Ukiona treni imechelewa na boti iliyobaki ni ya jioni, lala Dar kwa ndugu uvuke asubuhi. Bandarini wapagazi watakugombania, patana bei ya mzigo kabla hajaunyanyua, na hiyo siku moja tu usipande daladala na mabegi yako matatu, mwambie mama wa Jumbi akutumie dereva wake, umwombe namba ya gari na jina lake kabla hujapanda boti, na baba nae awe nazo.